Mchumba Wangu Alifuta Baraka ya Baba, Akajaza Mazombi

Zombi lilikuwa linatafuna shingo ya mtu...

Kwenye skrini kubwa. Katikati ya sendofu yangu, sherehe ya kuniaga nyumbani kabla ya harusi. Mbele ya baba yangu mzazi, ambaye shingo yake ina tundu!

"Oyaaa! Mwanangu kaliwa nyama mbichi! Hapa hakuna kupona!"

Hiyo ni sauti ya mtafsiri wa muvi, inanguruma kwenye spika za ukumbi wa parokia. Watu mia na ushee wamesimama, mikono wameikunja kifuani kwa heshima, wanasubiri kusikia baraka ya mzee.

Damu ikaruka ukuta mzima.

Bibi mmoja akapiga ishara ya msalaba. Watoto wakacheka. MC kashika maiki mdomo wazi.

Mimi nikamwangalia baba.

Baba alikuwa ameshika leso shingoni, pale pale kwenye tundu lake, anaiangalia ile shingo inayotafunwa. Hakugeuza uso.

Jamani... mimi kinyaa nilichokisikia siku ile mpaka leo nikila nyama nakikumbuka.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkapotea.

Naitwa Sabina. Mwiraqw wa Rhotia, hapo juu ukitoka Karatu mjini. Nafanya kazi mapokezi kwenye lodji moja huku kwetu, wageni wakitoka kreta ya Ngorongoro mimi ndiye nawapa taulo la moto na juisi.

Baba yangu ni mzee Hhando. Kwa wasiotujua, sisi Wairaqw tuna sala yetu ya baraka inaitwa slufay. Mzee anasimama, anasema mstari, waliopo wanaitikia. Anasema tena, wanaitikia. Na sio kila mzee anaiweza. Baba aliiweza. Watu walikuwa wanakuja kumchukua kutoka Mbulu huko, akawaombee mvua, akawaombee maharusi.

Kisha ikaja kansa ya koo.

Daktari wa hospitali ya rufaa alisema hivi, "Mzee, tutakutoa kisanduku cha sauti. Utapona, ila hutaongea tena."

Baba akaomba siku chache arudi nyumbani kwanza.

Alipofika alimwita kaka yangu Fabian, wakajifungia chumbani na simu. Walipotoka, Fabian macho mekundu. Baba akaniambia kwa sauti yake ile iliyokuwa imeshakwaruza, "Sabina, nimekusemea baraka ya siku yako. Usiifungue mpaka siku unatoka nyumbani kwangu."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya maana niliyoyasikia kwa baba.

Fabian akaihamishia ile video kwenye hadi diski yangu. Nikataka niweke na kopi pengine. Shangazi Cresensia, dada yake baba, akaruka juu!

"Baraka haipigwi kopi! Baraka ni moja! Mnataka itembee kwenye masimu ya watu kama kichekesho? Fabian, futa kwenye simu yako. Sasa hivi, nikiona!"

Nani atabishana na shangazi? Fabian akafuta.

Kwa hiyo sauti ya baba yangu, duniani kote, ikabaki sehemu moja tu. Kwenye kidude cheusi kama kipande cha sabuni, ndani ya begi langu.

Mwaka ukapita. Nikapata mchumba.

Obed. Kijana wa Machame, dereva wa utalii, mrefu, anaongea na Wazungu huku anacheka, shati limenyooka hata akitoka kwenye vumbi la Ndutu. Nilimpenda jamani, nisiwe mnafiki. Baba pia alimkubali, alimshika mkono muda mrefu.

Miezi miwili kabla ya sendofu Obed akaniambia, "Mamii, niazime diski yako. Wageni wangu wamenipa picha nyingi, laptopu imejaa."

"Chukua. Ila humo kuna video ya baba. Usiiguse Obed, nakuomba."

"Kwani mimi mtoto?"

Akaichukua. Akairudisha. Mimi sikuifungua, maana baba alisema nisifungue. Nikaiweka kabatini mpaka siku ya sendofu, nikampa DJ mkononi. DJ akaichomeka. Mashine yake ile ikicheza, inaanza yenyewe na faili la kwanza.

Na faili la kwanza likawa zombi.

Haya, turudi ukumbini.

Fabian alikimbia akachomoa waya. Na Obed, aliyekuwa mbele kabisa na wajomba zake, akawa wa kwanza kuongea.

"DJ umechomeka diski siyo yenyewe wewe!"

"Hii hii aliyonipa bibi harusi, bro."

"Basi virusi hivyo. Hizi diski bana zinakula virusi vibaya sana."

Aliongea haraka. Watu wote ukumbini walikuwa wameshtuka, lakini yeye hakushtuka. Niliona, nikajisemea Sabina acha, huyu ni mumeo mtarajiwa.

Baba akanyanyuka na fimbo yake, akaja mpaka nilipo. Akafungua mdomo. Midomo ikaenda, ikaenda, hakuna kitu kilichotoka, upepo tu pale shingoni unapiga miluzi. Akaniwekea mkono kichwani akarudi kukaa.

Ndugu zangu, nililia mpaka meki-apu ikaishia kwenye gauni.

Jumatatu nikaenda kwa Veronika. Huyu tulisoma naye, ana duka la kutengeneza kompyuta Karatu mjini, karibu na stendi. Ni mkali, hana huruma ya mdomo.

"Tangu sendofu umeichomeka popote?"

"Fabian alijaribu kwenye laptopu yake."

"Aliandika kitu humo? Alihamisha chochote?"

"Hapana."

"Angalau. Faili likipotea, unachomoa na unaacha hivyo hivyo. Hupigi picha, huhifadhi kitu, huchezi na kitu. Sasa sikia. Ukifuta faili, kompyuta haichomi moto kitu. Inachofanya ni kung'oa jina mlangoni tu. Mwenye nyumba bado yumo ndani, mpaka aje mpangaji mpya. Kama mpangaji hajaja, programu inamrudisha mtu wako vizuri tu."

Moyo ukafunguka kidogo. "Na kama kaja?"

Akachomeka diski, akawasha programu yake. Tukakaa. Chai ikapoa. Mistari inapanda, inapanda...

Ikatokea picha ya kipaimara changu, nusu. Kichwa kipo, miguu hakuna. Ikatokea picha ya Fabian na ng'ombe, yote.

Ikatokea: BABA BARAKA.

"Hiyo! Vero, hiyo!"

Akaifungua.

"Oyaaa wanangu, jiji zima limeoza!"

Mazombi.

Veronika akavua miwani. "Jina lipo, Sabina. Mwili haupo. Diski imefomatiwa, yaani imefutwa yote, halafu imejazwa muvi mpaka pomoni. Wameandika juu yake."

"Obed alisema ni virusi."

"Virusi gani hao wanaoleta sizoni nzima na mtafsiri wake? Hii imetoka laibrari ya muvi. Ona, jina la laibrari limeandikwa kwenye kila faili. Ni ya Clemensi, pale nyuma ya soko."

Nikampigia Obed. Alikuwa kwenye chumba cha madereva juu ukingoni mwa kreta, mtandao unakatika katika.

"Obed, uliweka muvi kwenye diski yangu?"

"Mimi? Muvi? Mungu ni shahidi yangu, niliweka picha za wageni tu nikazitoa."

"Una uhakika?"

"Sabina unanihoji kama polisi? Huku kuna baridi, nimechoka, na wewe unaniletea mambo ya diski!"

Akakata. Au mtandao ulikata, sijui.

Nilikwenda kwa Clemensi pamoja na Veronika.

Ile laibrari kama hujawahi kuingia, ni kachumba kenye mapazia mazito, joto, kananuka soksi na chipsi za jana. Kompyuta tatu zinakopi muvi kwenye flashi za watu. Madereva wote wanaopanda Ngorongoro wanapita hapo kujaziwa sizoni za kuangalia usiku huko juu. Clemensi mwenyewe kavaa singlendi, anajikuna tumbo.

"Karibuni warembo! Mnataka za Kikorea au za Kifilipino?"

Macho yangu yalikuwa yameshafika kwenye skrini yake.

Kulikuwa na folda limeandikwa VITU VYA WATEJA. Ndani yake majina. Majina ya wanawake watupu. Na kila jina lina kipicha kidogo juu.

Nikajiona.

Ni mimi, najaribu gauni la sendofu chumbani kwangu, mgongo uko wazi, zipu haijafungwa. Picha niliyompigia fundi cherehani aone kiuno kimekaaje. Ilikuwa kwenye diski yangu.

"Hii nini?"

Akaruka kufunga, Veronika akamdaka mkono.

"Hii nini Clemensi?!"

"Dada tulia... mimi diski ya mtu ikija naikopi yote kwanza, kabla sijafomati. Usalama tu. Mteja akilia nampa vitu vyake."

"Usalama wa nani? Mbona majina ni ya wanawake tu?"

Akacheka. Alicheka jamani! Kicheko cha mtu aliyekamatwa na mkono ndani ya sufuria, bado ana mchuzi kidevuni.

Nikashika ukuta, na ukuta wenyewe unanata. Nikafuta mkono kwenye sketi. Nilijiona nimeguswa guswa na mtu nisiyemjua, miezi miwili, bila taarifa. Dada zangu, wangapi hapa mmepeleka flashi zenu kujaziwa nyimbo? Kaeni mkijua.

Ndipo akili ikanijia.

Amekopi yote. Kabla hajafomati...

"Fungua jina langu."

"Dada nafuta sasa hivi, naapa..."

"UKIFUTA NAKUFIA HAPA! Fungua!"

Akafungua. Kipaimara, miguu ipo. Picha za hospitali. Kidonda cha baba, ambacho hata Fabian sikumwonyesha.

Na pale chini: BABA BARAKA. Nzima.

Nikakaa kwenye kreti la soda. Veronika akachomeka diski yake mwenyewe akaikopi, akaangalia ukubwa, akasogeza mbele sekunde mbili tatu bila sauti kuhakikisha inacheza. Nikaona shati la baba. Nikafumba macho, maana siku yake ilikuwa haijafika.

Clemensi akadhani sasa tumekuwa marafiki.

"Mimi hata nimeisikiliza. Mzee wako anajua, ananikumbusha babu yangu wa Endabash."

Huyu mtu aliisikiliza baraka yangu kabla yangu. Kwenye hicho kichumba, na hilo singlendi. Nikamwambia, "Wewe unakwenda polisi."

Hapo ndipo alipotoa jasho la kweli.

"Dada usinionee! Hata jamaa yako nilimwambia ninayo! Aliponiletea diski alisema futa vyote, weka mazombi. Baadaye nikaona ya mzee, nikamwandikia, nikamwambia kaka hii mbona kitu cha maana, njoo nikurudishie bure! Sikiliza mwenyewe alichonijibu!"

Akanipa simu. Voisi ya Obed. Ya wiki tano kabla ya sendofu.

Niliibonyeza.

"Kaka, hiyo ya mzee ifute tu. Diski nimeshamrudishia, nikiiomba tena ataanza maswali. Akijua nilifomati mimi itakuwa kesi mpaka kwa mashangazi. Siku yenyewe watasema virusi, yataisha. Mzee mwenyewe haongei, nani atauliza?"

Nikajirushia kwenye simu yangu, nikairudia.

*Mzee mwenyewe haongei, nani atauliza?*

Wapendwa, kufuta kwa bahati mbaya ningemsamehe. Kweli kabisa. Mtu anasahau, mtu anafanya haraka, wageni wanapiga honi nje. Angekuja akaniambia Sabina nimekosea, ningelia siku mbili tukaenda wote kwa Clemensi, tukacheka mbele ya safari.

Lakini aliambiwa kitu kipo. Bure. Akasema fanya kisiwepo! Akakaa kiti cha mbele, tai shingoni, akijua kabisa kinachokuja, akamwacha baba yangu mgonjwa angojee sauti yake mwenyewe.

Huyo mtu nilikuwa namkatia kucha.

Clemensi tulimwacha mikononi mwa polisi, kompyuta zake zikabebwa. Akina dada wengine nao walikwenda kuandikisha maelezo, mmoja alitapika pale pale kaunta.

Obed sikumwambia chochote. Nikasubiri kikao cha kamati ya harusi, Jumapili baada ya misa, pande zote mbili zipo. Baba alibaki nyumbani.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo. Nikasimama.

"Naomba Obed atuambie diski ya baba ilipatwa na nini."

Akasimama, mpole, mikono mbele kama anasoma somo kanisani.

"Wazazi wangu, kilichotokea kiliniumiza kuliko mtu yeyote hapa. Ni virusi. Ningekuwa na uwezo wa kuirudisha sauti ya mzee, ningetoa hata figo."

Shangazi Cresensia akafuta machozi. "Mungu akubariki mwanangu."

Nikaweka simu kwenye maiki.

*"Kaka, hiyo ya mzee ifute tu..."*

Ilipofika pale kwenye "Mzee mwenyewe haongei," nikasikia kiti kinaburuzwa. Mjomba wake Obed, mzee mtu mzima kutoka Machame, amesimama.

"Obed. Hiyo ni sauti yako?"

"Mjomba... ilikuwa utani wa vijana."

"Nimekuuliza ni sauti yako?"

"Ndiyo, lakini..."

Mjomba akachukua kofia yake. Akaja kwangu, akainama kidogo, akasema, "Mama, nisalimie mzee Hhando. Mwambie tumeona aibu." Akatoka nje, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Obed akaniangalia kwa hasira, sio kwa aibu. "Ndoa unaivunja kwa sababu ya faili?"

Nikavua pete, nikaiweka mezani pembeni ya chupa za maji. Kidole kilikuwa na alama nyeupe, nikakisugua sana na nguo.

Shangazi alinishika mkono mpaka nje. Tulipofika kwenye gari akasema, "Iweke pengi. Kwa Fabian weka, kwa dada yako Mbulu peleka, na huko mnakoita mtandaoni weka. Na mimi nirushie." Ndivyo alivyoomba msamaha, na mimi niliupokea.

Tukaenda Rhotia moja kwa moja, mimi, shangazi, Fabian na Veronika. Nikamweleza baba yote. Alisikiliza akiangalia mashamba ya ngano, kisha akanyoosha fimbo kwenye laptopu ya Veronika.

Nikamwambia, "Baba, ulisema siku ninayotoka nyumbani kwako. Mimi sitoki tena."

Akagonga fimbo chini. Fungua!

Tukafungua. Majirani walikuwa wameshasikia, wamejaa uani.

Baba akatokea. Shati lake la bluu, sauti yake ile nzito, imekwaruza kidogo, kabla hawajamkata. Akasema mstari wa kwanza wa slufay, akanyamaza.

Tukadhani imekwama. Fabian, kaka yangu, ndiye aliyesema, "Hapana. Anatusubiri."

Alikuwa ametuachia nafasi! Chumbani, yeye na Fabian na simu tu, alisema kila mstari na kunyamaza, ili siku ikifika tuitikie. Tukaanza kuitikia. Uani kote. Na baba mwenyewe, kwenye kiti chake, hana sauti, anajiitikia kwa kugonga fimbo chini.

Mwishoni aliacha Kiiraqw akaanza Kiswahili. Akaangalia kamera sawasawa.

"Na wewe kijana unayemchukua Sabina. Lugha yetu huijui, sikulaumu. Lakini kuitikia hakuhitaji lugha. Kama umesimama hapa ukaitikia pamoja na watu wangu, nimekupa binti yangu. Kama hukuitikia, mimi sijakupa kitu."

Video ikaisha.

Baba alinivuta mkono, akakishika kile kidole chenye alama nyeupe, akakifunika na kiganja chake.

Sasa nyie mnaosoma. Kitu usichoweza kukipata tena, kiweke sehemu tatu, moja iwe mbali na nyumbani, na ukifungue mara moja moja uone bado ni kizima. Usiogope shangazi. Kikipotea, chomoa, usiguse, mtafute anayejua. Flashi yenye mambo yako usimpe mtu wa muvi.

Maana mimi sauti ya baba yangu ilitunzwa na mchafu mmoja aliyekuwa ananichungulia, wakati niliyempenda alisema ifutwe. Mpaka leo sijui nimshukuru nani, na nikifikiria hivyo natema mate.